Marumaru ya Agra

Mwanangu, siku niliyokwenda kuitazama Taj Mahal naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na laiti ningeweza kuisahau.

Ilikuwa miaka ya tisini. Ofisi yetu hapa Ibra, Omani, ilinipeleka Delhi kwa mafunzo ya wiki mbili. Yalipomalizika nikapiga simu nyumbani. Dada yangu akapokea, hata salamu hakuzimaliza.

"Rudi kesho, kaka. Mama hali yake si nzuri, na kutwa anakuuliza wewe."

"Nipe siku mbili tu, nishakata tiketi ya Agra, kuitazama Taj Mahal," nikamwambia. "Mwambie namletea zawadi."

Nilikuwa kijana mwenye kichwa kigumu, na maradhi ya mama nilikwisha kuyazoea. Nikaenda. Sikufichi, jengo lile ni zuri; nilisimama mbele ya kaburi la mke wa mfalme mpaka machozi yakanilenga. Nje nikamnunulia mama kibao cha marumaru chenye maua ya vijiwe vya rangi, nikakizungushia kanzu yangu kisivunjike.

Nilifika Ibra matanga yako siku ya pili. Mama keshazikwa siku ileile aliyofariki, maana kwetu maiti hacheleweshwi kwa kumngoja msafiri.

Asubuhi yake nikafuatana na mjomba makaburini, kibao kwapani. Unayajua makaburi yetu: mawe ya mlimani tu, hayana jina wala tarehe. Makaburi mapya yalikuwa mawili, nami sikujua lipi la mama. Mwanawe wa kiume wa pekee, sijui! Nikaona haya kuuliza, nikasema nataka kukiweka kibao kichwani pake, apate kujulikana.

Mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Unguja wa zamani, mpole, hapandishi sauti. Akakitazama kibao, kisha akanitazama mimi.

"Wallahi, hiki hakiwekwi hapa. Sisi tuliomzika twajua alipo. Kila mlango ukigongwa mamako akiuliza, 'Keshafika?' Nawe umekwenda kulitazama kaburi la mke wa watu, la mamako hata konzi moja ya udongo hukulitia."

Akanionyesha kwa kidole, la kushoto, akaenda zake. Nililia mpaka jua likawa kali, na kilio kile hakikumfaa mama kitu.

Kibao kingali kabatini, kimo ndani ya kanzu ileile. Sijaivaa tena.

Basi nakwambia wewe unayeishi Maskati, unayemwahidi mamako kila mara kwamba utakuja wiki ijayo. Majengo ya wafalme yatakungoja, yamezoea kungoja. Mama akisema njoo, njoo siku hiyohiyo, mikono mitupu hivyohivyo. Anachokitaka ni kukuona wewe.

Nenda, mwanangu, radhi zangu ziko nawe. Mola akujaalie ukigonga mlango wa kwenu, afungue yeye mwenyewe.