Maua Mekundu ya Mwalimu Bathsheba

Tangu Jumatatu Mwalimu Bathsheba alikuwa na tumbo joto. Ijumaa angekuja Bwana Cephas, mkaguzi wa shule za chekechea, na mkataba wa Bathsheba ulikuwa unaisha mwezi huo huo. Bwana Cephas akiandika vizuri, angepata miaka mingine mitatu. Akiandika vibaya, angerudi sokoni Kosele kumsaidia mumewe Okari kupanga kabichi. Hilo lilimtisha, ndiyo, lakini silo lililomkaba roho. Kilichomkaba roho kilikuwa mkebe wa mbegu za mahindi ambao haukuwa hata wake.

Acha nieleze tangu mwanzo.

Bathsheba ni Mkisii, Msabato asiyekosa kanisa, aliyefika Kosele kwa ajili ya ndoa akabaki kwa ajili ya watoto. Ana watoto thelathini na mmoja wa miaka mitano na sita, na anavyowafundisha kuliwafanya watu wamcheke mwanzoni. Kila asubuhi, kabla ya uji, anawatoa nje mstari mmoja mpaka kwenye mti wa orembe ulio nyuma ya madarasa, ule mti wa miiba unaopukutika majani yote kisha ukatoa maua mekundu kabla ya mvua ya masika. Zamani ilikuwa mingi, ikakatwa, na sasa upande ule umebaki huo mmoja. Watoto wanaushika gome, wanatafuta viota, wanaangalia mawingu, wanabishana. Halafu wanarudi darasani na mmoja wao anachora walichokiona. Ukutani kuna karatasi kubwa ya mifuko ya saruji iliyofunguliwa na kubandikwa, imepigwa visanduku. Kisanduku kimoja siku moja, safu moja wiki moja.

"Chora unachokiona," huwaambia, "si unachokijua." Husema hivyo kila siku ya Mungu, mpaka watoto wenyewe wanamsemea.

"Mwalimu wa kutembeza watoto," walimwita. Lakini mwaka jana mama mmoja mzee, Mama Helen, bibi yake Phanice wa darasa hilo hilo, alisimama mbele ya ukuta ule mchana kutwa. Kusoma hajui, ila michoro anaijua. Alihesabu kwa kunde, kunde moja kila safu, tangu ua la kwanza mpaka mchoro wa mvua ya kweli. Kunde sita, yaani wiki sita. Hata yeye mwenyewe alikumbuka kuwa mvua ya mwaka huo ilikuja hivyo. Tangu hapo akawa hapandi mpaka amepita shuleni kuutazama ukuta, na akawaambia jirani zake, "Huyu nyar Kisii ana akili," yaani binti huyu wa Kisii. Bathsheba aliposikia alitembea wiki nzima kichwa juu.

Basi mwaka huu, mwishoni mwa Januari, homa ya matumbo ikamlaza wiki tatu. Watoto wakaachiwa mpishi, na mpishi akawa na sufuria zake. Hakuna aliyekwenda kwenye mti, hakuna aliyechora. Bathsheba aliporudi, amekonda, gauni likimpwaya, aliwapeleka watoto nje Jumatatu ile ile. Orembe ilikuwa na maua matatu. Matatu tu. Phanice akayachora, akapigiwa makofi.

Alhamisi yake ikaja barua: mkaguzi angekuja baada ya wiki tatu.

Sasa, Bwana Cephas ana ugonjwa wake, na wenye ofisi wengi wanao: hapendi kuona nafasi iliyoachwa wazi. Kwenye semina aliwahi kusema, mkono kiunoni, kwamba kisanduku kitupu ni mwalimu aliyelala. Bathsheba aliviangalia visanduku vyake kumi na vitano vitupu, vinamkodolea macho pale ukutani. Watoto walikuwa wameshakwenda nyumbani. Alijiambia kwamba maua matatu hayawezi kuchipuka siku moja, lazima yalianza mapema. Alijiambia pia mwaka jana wakati kama huo mti ulikuwa mwekundu. Alijiambia mengi. Kisha akachukua kalamu nyekundu ya rangi, akakaza mkono uchore kitoto, akavijaza vyote kumi na vitano.

Ijumaa asubuhi Phanice aliutazama ukuta, akakunja uso.

"Mwalimu, hizo siku mti haukuwa na maua. Mimi hupita hapo nikienda kuteka maji. Haukuwa na kitu."

"Keti, Phanice."

"Lakini Mwalimu, si unasema..."

"Nimesema keti!"

Mtoto akaketi. Bathsheba hakuwahi kumfokea mtoto namna ile.

Angevifuta, alijisemea. Mkaguzi akishaondoka. Lakini mchana ule ule Mama Helen alikuja na fimbo yake na kunde zake. Miguu yake haikuwa ya kuzunguka nyuma ya madarasa, ilimfikisha ukutani tu. Akahesabu, safu nne nyekundu, akaweka kunde nne kiganjani, akaondoka akiimba polepole. Bathsheba alikuwa jikoni na mpishi. Hakumwona, hakuna aliyemwambia.

Alikuja kujua wiki ya ukaguzi yenyewe, Jumatatu ile ya tumbo joto, kwa kinywa cha Phanice.

"Mahindi ya dani yamekufa," mtoto alisema, kama anayesema paka amezaa. Dani ndiye bibi. "Alipanda nusu kwa kunde ya tano, kukanyesha kidogo, yakaota, jua likayachoma. Lakini Jumapili anapanda ile nusu ingine. Anasema kunde zimepita sita, mvua haiwezi kuchelewa zaidi, ukuta wako haujawahi kumdanganya."

Mungu wangu! Yale mahindi Bathsheba aliyajua. Nyamula, ya njano, mbegu aliyoachiwa Mama Helen na mama mkwe wake, huning'inizwa juu ya moshi wa meko mwaka hadi mwaka. Dukani huipati kwa pesa yoyote. Nusu imeshaungua. Hesabu ya kweli ilikuwa bado wiki tatu kamili, na Jumapili ile nusu ya mwisho ingeingia kwenye udongo mkavu ikaliwe na mchwa, au iote kwa manyunyu ya uongo na kukaushwa kama wenzake.

Jumanne akaazimia kwenda kumwambia. Akafika mpaka mlango wa uzio, akakuta Mama Helen anapepeta mbegu kwenye ungo, moja moja, anazitoa zilizotobolewa. Akageuka akarudi. Mama Helen angesema sokoni, soko lingesema kwa Bwana Cephas. Jumatano akajiambia atamwambia Jumamosi baada ya kanisa, mkaguzi akiwa ameenda. Okari akamuuliza, "Una nini wewe? Umetia chumvi kwenye chai." Alhamisi hakumwangalia Phanice usoni hata mara moja.

Ijumaa Bwana Cephas akaja na faili lake. Wazazi kadhaa waliitwa, wakakaa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yakigusa videvu. Mkaguzi akasimama mbele ya ukuta, akapitisha kidole safu kwa safu, akaguna kwa kuridhika.

"Hii ndiyo kazi," akasema. "Hakuna pengo hata moja. Mwalimu, hongera sana."

Bathsheba aliinamisha kichwa kushukuru. Alikuwa amenusurika. Alihitaji kunyamaza tu dakika kumi zingine.

Ndipo Mama Helen, aliyeketi nyuma ya wazazi, akasimama na fimbo yake. Kwapani alikuwa na mkebe wa mafuta ya Kimbo uliofunikwa kitambaa.

"Mwalimu, samahani, mbele ya mgeni wetu. Hii ndiyo iliyobaki. Watu wangu wa jembe nimewapata leo tu, Jumapili wana matanga, kwa hivyo tunapanda leo jioni. Nimepita uniambie kwa kinywa chako. Nipande?"

Si Jumapili tena. Leo jioni.

Bathsheba alimtazama Bwana Cephas, kalamu yake juu ya karatasi. Akamtazama Phanice kwenye mkeka, mtoto kauma midomo, maana aliambiwa aketi na alikuwa bado ameketi.

"Usipande, Mama," akasema. "Hizi safu tatu za kwanza nyekundu hazikuchorwa na watoto. Nilikuwa mgonjwa. Nilizijaza mwenyewe sababu ya ukaguzi. Maua yalianza hapa, safu ya nne. Mvua bado."

Mama Helen aliinamisha kichwa, sikio mbele. Kiswahili kile kilikuwa kimekwenda mbio kwake.

"Anasema nini?" akamuuliza mjukuu wake.

Phanice akamtazama mwalimu wake, akangoja. Bathsheba akaitikia kwa kichwa: mwambie. Mtoto akamweleza bibi yake kwa Kijaluo, taratibu, na katikati yake Bathsheba akalisikia neno ambalo kila mfanyabiashara wa Kosele analijua kwa maana hutupiwa kila siku kwenye mizani: noriambo. Alidanganya.

Mama Helen hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliukumbatia mkebe kwa mikono miwili, akatoka, na fimbo ikabaki imeegemea ukuta mpaka Phanice alipomkimbilia nayo.

Bwana Cephas aliandika kwa muda mrefu bila kuinua uso. Barua ilikuja wiki mbili baadaye: miezi sita badala ya miaka mitatu, chini ya uangalizi. Bathsheba aliisomea chooni, akalia, akanawa uso, akawatoa watoto nje kwenda kwenye mti. Vile visanduku kumi na vitano alikuwa amevibandika karatasi nyeupe. Vinaonekana tangu mlangoni.

Mama Helen hakupanda jioni ile ya ukaguzi. Jumatatu iliyofuata alikuja, miguu ile ile mibovu, na hakusimama ukutani. Alizunguka nyuma ya madarasa akiburuta fimbo, akasimama chini ya mti wenyewe, akautazama matawi yote. Ndipo akaingia darasani na kuulinganisha na mchoro wa siku hiyo. Salamu hakutoa. Akauliza kitu kimoja tu.

"Leo umechora wewe ama mtoto?"

"Mtoto, Mama."

Safu ya sita tangu maua yale matatu ilipojaa, alipanda. Siku ya nne mvua ikashuka, mvua ya kweli, ya kupiga mabati mpaka darasani hamsikilizani. Sasa nyamula imefika kiunoni, imesimama kijani kibichi, na Bathsheba akipita hapo hupunguza mwendo. Jirani wanasema mambo yameisha, yaliyopita yamepita.

Jumatatu iliyopita Mama Helen alikuja tena. Alizunguka nyuma, akautazama mti, akaingia, akasimama mbele ya ukuta. Safari hii alimsalimia Bathsheba vizuri, akauliza hali ya Okari na bei ya kabichi. Kisha akainua fimbo, akagusa kisanduku cha siku hiyo.

"Na hiki," akasema, "umechora wewe ama mtoto?"