Mfasiri wa Nyimbo wa Ngamiani

Ukitaka suruali ipunguzwe, Ngamiani mafundi wako tele. Ukitaka wimbo ufasiriwe, fundi ni mmoja tu, Sabiha. Cherehani yake iko barazani, na nusu ya wateja wake huja bila kitambaa. Huja na simu. "Da Sabiha, hebu sikiliza, huyu kijana hapa anamsema nani?" Naye huondoa mguu kwenye pedeli, hufumba macho, husikiliza, kisha hutoa hukumu. Kwake hakuna wimbo wa mapenzi. Kila wimbo una mtu wake, na mtu huyo aghalabu anakaa mtaa wa pili.

Mwaka juzi alimfasiria Mwanamkasi, jirani wa nyumba ya nyuma, wimbo mmoja, kwamba mvua inayoimbwa humo ni mke mwenza anayenyemelea. Mwanamkasi akafunga furushi, akaenda kwao Tongoni siku nne, akarudi akamkuta mumewe yuko juu ya paa peke yake, anaziba bati linalovuja. Mwingine angeona haya. Sabiha alisema wimbo ulikuwa sahihi, ila mume ndiye aliyebadilika.

Aliyezifaidi hukumu hizo zaidi ni Zuwena, mkaanga vitumbua wa ng'ambo ya kichochoro, shoga yake wa miaka ishirini. Kila asubuhi Sabiha alivuka, akala vitumbua viwili kwa chai ya tangawizi, wakachambua nyimbo mpya mpaka mafuta yakaungua.

Basi Jumatatu moja, Sabiha anajifunga kanga avuke, spika ya Zuwena ikafunguliwa kwa sauti ya kuamsha mtaa. Wimbo mpya, kijana analalama kwa madaha:

Umenijaa, umenijaa kama maji ya bamvua,
yamefika kizingitini, nikuambieje?

Sabiha akaganda. Kizingitini ni wapi, kama si pale anapovua ndala zake kila siku? Na anayejaa kwa watu asubuhi na mapema akila biashara yao ni nani, kama si yeye? Shoga amemchoka, hana uso wa kumwambia, amemtuma mwimbaji. Akarudi ndani akafunga dirisha. Kesho yake, wimbo uleule. Keshokutwa vilevile. Siku tisa spika ilipiga, siku tisa dirisha lilifungwa mstari wa pili ukiisha, na Sabiha akawa anakunywa chai peke yake kwa mkate wa jana.

Ilimuuma, tusifichane. Angevuka akauliza, yangekwisha palepale. Lakini mfasiri mwenye jina hawezi kuuliza.

Siku ya kumi ilikuwa singo ya Hafsa, binti wa Zuwena, sherehe ya wanawake ya kumsinga bibi harusi kabla ya ndoa. Kususia singo ya mtoto uliyemshonea tangu sare za shule ni kutangaza vita. Sabiha alikwenda, ila sare ya waalikwa, aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe, aliiacha nyumbani akavaa dera la kahawia. Mkobani alitia noti moja mpya. Huku kwetu kila mwanamke anajua: ukiinuka kumtunza mwimbaji kwenye beti, beti hiyo umeichukua, na anayehusika ameshajua. Alikusudia ainuke mbele ya wote, waone kuwa ujumbe umefika na ushoga wa miaka ishirini umekwisha. Ukishafanya hivyo, hakuna kurudi nyuma.

Queen, mwimbaji aliyekodiwa kutoka Chumbageni na kinanda chake, alimsifu bibi harusi kwa nyimbo tatu, kisha akauanza ule. Sabiha akainuka, noti juu, kiuno kikizunguka polepole, uso wa hakimu. Wanawake wakapeana macho, maana dera lile walikuwa wameshaliona. Kumbe upande wa pili wa ua Zuwena naye ameinuka, noti juu, anakuja. Mwanamkasi akasogeza sinia la biriani lisije likamwagika.

Walipokutana, Zuwena akampita mwimbaji, akaibandika noti kwenye paji la uso la Sabiha.

"Umekuja kunifasiria," akasema, "au umekuja kucheza tu?"

"Nikufasirie nini, na umeshanisema siku tisa?"

"Nimekusema mimi?" Zuwena alishangaa kwelikweli. "Siku tisa naupiga nikisema leo atavuka, wimbo mpya haumpiti huyu. Nikaona unafunga dirisha, nikadhani husikii vizuri, nikaongeza sauti. Beti ya pili inaniliza, shoga, wala sijui kwa nini. Nilitaka uje unieleze."

"Beti ya pili?" Sabiha akauliza.

"Hakuisikia," Mwanamkasi akawaambia watu. "Mimi alinipeleka Tongoni, leo kajipeleka mwenyewe kwa nusu wimbo." Ua mzima ukaangua kicheko. Queen, asiyetaka tunzo impotee, akaendelea:

Maji yakitoka, nabaki mchanga mtupu,
rudi unijaze, mlango sijaufunga.

Sabiha alisikiliza amefumba macho, noti ingali usoni. Ijumaa Hafsa anaolewa Pangani, na ndiye mtoto pekee wa nyumba ile. Wanawake wakangoja hukumu.

"Haya," Zuwena akasema, "anamsema nani?"

Sabiha akafumbua macho. "Hamsemi mtu," akasema taratibu. "Ni wewe tu, shoga yangu, unaogopa kubaki peke yako."

"Ndiyo," akasema Zuwena, akamshika mkono, na hakumwachia mpaka singo ilipokwisha.