Mfuko wa Drili

Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa fundi cherehani wa hospitali kwa miaka ishirini na mbili. Wauguzi walimwita Mama Tone. Jina hilo lina kisa, nitafika tu. Siku hizi maneno yangu yanachechemea kama miguu.

Daktari wa mifupa hakuwa na mashine ya kutobolea mfupa. Alikuwa na drili ya seremala, na drili huichemshi, itakufa. Ndipo shemeji akabuni mfuko wa kitambaa kizito kisichopitisha maji: drili ikae ndani, ncha ya chuma peke yake itokeze. Mfuko na ncha hupikwa kwa mvuke mpaka vijidudu viishe. Kila mfuko mpya aliziba tundu la ncha, akaujaza maji, akautundika dirishani na kukaa kuutazama. Tone moja likidondoka, anafumua mshono wote.

Siku moja kaka akaanguka kutoka juu ya paa, paja likavunjika. Mfuko wa zamani ulikuwa umechanika. Shemeji akashona mwingine mbiombio, akautundika. Tukatazama. Tone likadondoka.

"Shemeji," nikamwambia, "mwenzio analia kule. Tone moja tu!"

"Namsikia. Kilio chake nakijua kabla yako." Akachukua wembe. "Maji yakipata njia, uchafu wa drili nao utapata. Mfupa ukitunga usaha, watamkata mguu. Hebu nitungie uzi, mimi nafumua."

Mimi, na macho haya! Mara ya nne ndipo uzi ukapita. Akashona upya, polepole, midomo ameibana. Tukautundika tena. Nusu saa nzima tukatazama chini. Sakafu ikabaki kavu. Hapo ndipo alipolia.

Kaka alirudi nyumbani kwa miguu yake miwili, mmoja umepinda kidogo.

"Mke gani huyu," alizoea kumtania, "mume anakufa, yeye anafumua nyuzi!"

"Ungekufa ningepumzika kushona suruali zako," naye humjibu.

Mwaka juzi tulimzika shemeji. Mifuko sasa anashona binti mwingine. Juzi nilipita pale hospitali nikamkuta kaka amekaa kwenye kiti cha mkewe, mkongojo magotini, mbele yake mfuko umejaa maji. Nikamsalimia. Hakugeuka.

"Ngoja kwanza," akasema, macho sakafuni.