Mwanagenzi wa Ziwani

Jumatatu ya kwanza askari wa langoni alimwonyesha Khavere uwanja. "Mama, watoto wako upande ule. Mazoezi bado."

"Sikuleta mtoto. Mimi ndiye mwanagenzi mpya."

Askari akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, kisha akafungua lango.

Khavere alikuwa na miaka arobaini na kitu. Alikuwa ameuza nguo za watoto katika soko la Gikomba kwa miaka mingi, na wanawe walipomaliza shule akajiandikisha chuoni kusomea usimamizi wa michezo. Majirani zake wa mtaa wa Ziwani walidhani anatania. Lakini usichanani alicheza voliboli kwao Vihiga, akaacha alipopata mimba, na hamu haikumtoka. Sasa shirika la voliboli ya wasichana wa Eastlands lilikuwa limempa nafasi ya kujifunza kazi.

Msimamizi wake, kocha Njogu, alikuwa rika la mwanawe wa kwanza na hakujua amwiteje. Alianza na "madam", akajaribu "mathe", yaani mama kwa lugha ya vijana, kisha akaomba radhi, masikio yamemwiva.

"Niite Khavere tu," akamwambia.

Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba ya mechi kwenye kompyuta. Akaifuta yote kwa bahati mbaya. Akaianza upya, akaifuta tena. Alikwenda msalani akafungulia bomba, asisikike akilia. Aliporudi, Njogu alikuwa amesogeza kiti chake karibu.

"Tuanze pamoja," akasema. "Hata mimi nilifuta nilipoanza."

Jumamosi wasichana wao walicheza na timu ya Majengo. Katika seti ya pili Wacera, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikwenda nyuma ya mstari kuanzisha mpira. Wavulana waliokaa ukutani wakaanza kucheka na kunyoosha vidole. Wacera akajiangalia. Kaptura yake nyeupe ilikuwa imeingia damu. Mpira ukamponyoka.

Njogu aliita mapumziko, kisha akasimama tu. Khavere alikuwa tayari uwanjani, anavua sweta. Akamfunga Wacera kiunoni, akamshika mkono, wakaenda hadi choo cha kanisa lililokuwa karibu. Njiani alinunua pedi kwenye kioski.

"Sirudi," Wacera akasema kutoka nyuma ya mlango. "Kila mtu ameona."

"Kweli wameona," Khavere akajibu. "Mimi yalinipata nikiimba kwaya, na gauni lilikuwa jeupe."

"Ukafanya nini?" Wacera akauliza.

"Nikamaliza wimbo. Watu walikuwa wanaona, lakini nikaumaliza."

Wacera akacheka kidogo huku akivuta kamasi. Mtu akabisha nje. Alikuwa Njogu, amebaki na kaptura na miguu yake myembamba, mkononi ana suruali yake nyeusi ya michezo. "Mwambie aikunje chini," akanong'ona. "Wale wavulana nimewafukuza."

Wacera alirudi na suruali ya kocha, akaanzisha mpira, ukapita juu ya wavu. Mechi walishindwa, ila wenzake walimkumbatia kana kwamba wameshinda.

Katika mkutano wa wafanyakazi Khavere aliinua mkono. "Hizi kaptura nyeupe, tafadhali, tuziache."

Mkurugenzi, Bi Adhiambo, aliweka kalamu chini. "Miaka yote hii, hakuna aliyewahi kusema."

"Hata mimi sikuwa nimeliwaza," Njogu akasema. "Khavere anasema kweli."

Jioni hiyo Bi Adhiambo alikwenda uwanjani mwenyewe kuwauliza wasichana. "Mngependa rangi gani? Mimi naona damu ya mzee itawapendeza."

Wasichana wakatazamana. Kisha Wacera akaangua kicheko, na wenzake wote wakafuata, wengine wakaketi chini kabisa. Bi Adhiambo alichelewa kuelewa, na alipoelewa akafunika uso kwa viganja. Khavere alicheka hadi akashikilia nguzo ya wavu.

Wakachagua nyeusi.