Waziri wa Afya Ametoka Nje

Nilikuwa mwanafunzi mzuri wa somo la usalama wa kimataifa. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nililichukia kwa sababu lilinishinda. Nafundisha Uraia kwenye sekondari moja hapa Kibaha, na nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya pili mwishoni mwa wiki, fani hiyo niliichagua mwenyewe, tena kwa hamu. Nilitaka kuelewa nani anamuuzia nani silaha, na kwa nini vita ya mbali inapandisha bei ya mbolea ya mkulima wa kijiji cha Janga ambaye hajui hata jina la nchi inayopigana.

Tulisomea kwenye ukumbi wa kukodi upande wa Maili Moja, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wenzangu wengi walikuwa polisi na watu wa uhamiaji, pamoja na walimu wachache. Mhadhiri wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mrefu, msomi kweli, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Tulimwita Daktari. Siku ya kwanza aliandika ubaoni maswali mawili: usalama wa nani, na dhidi ya nini? Nikaona nimefika mahali panaponifaa.

Muhula ulivyosonga nikagundua kwamba majibu anayo tayari. Usalama ulikuwa wa dola, na adui alikuwa mwenye bunduki. Vitisho visivyo vya kijeshi, yaani njaa, maradhi, ukame, mafuriko, tulivipa kipindi kimoja, na hata hicho alikiendesha huku akitazama saa.

"Ugonjwa unakuwa suala la usalama pale unapovuka mpaka au unapotikisa serikali," alisema. "Vinginevyo ni kazi ya mganga mkuu wa wilaya."

Watu wakaandika. Na mimi niliandika.

Zoezi la mgogoro lilifanyika Jumamosi moja ya masika. Meza zilipangwa mduara, tukawa baraza la usalama la nchi ya kubuni. Kundi lenye silaha lilikuwa limevuka mpaka na kuteka daraja, na sisi tulitakiwa kuamua. Jamaa mmoja wa uhamiaji akawa waziri wa ulinzi, polisi wawili wakagawana mambo ya ndani na upelelezi, Daktari mwenyewe akawa rais. Mimi nilipewa uwaziri wa afya. Kila mtu alipewa karatasi ya maelekezo. Yangu ilikuwa na sentensi moja: subiri uulizwe.

Nikasubiri. Walihamisha vikosi, wakafunga anga, wakabishana kuhusu ndege zisizo na rubani kwa furaha ya watu wanaocheza bao. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Simu yangu ikatetemeka mezani. Alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Wanaishi upande wa Maneromango, kulekule tulikozaliwa. Mdogo wangu anashona sare za shule, na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza, siku zake zikiwa zimefika. Nilipokea kwa sauti ya chini.

"Dada, mtoto ametoka salama, wa kike. Lakini mama yake damu haikatiki. Muuguzi wa zahanati anasema afikishwe hospitali Kisarawe haraka. Tumepata gari, limekwama kijitoni. Maji yamekula barabara. Wewe uko huko na watu wakubwa, hakuna unayemjua mwenye trekta huku, au mtu wa wilayani?"

Nikainua kichwa. Chumba kizima kilikuwa kimejaa watu wenye vyeo, watu wenye namba za simu za watu. Nikasimama.

"Samahani jamani. Kuna mtu ana mawasiliano ya yeyote Kisarawe mwenye gari kubwa au trekta?"

"Mheshimiwa Waziri," Daktari akanikatiza, "tuko katikati ya mgogoro. Zima simu."

Wakacheka. Si wote, lakini nilisikia kicheko, na mpaka leo nikipita chini ya ukumbi ule nakisikia.

"Daktari, mdogo wangu anavuja damu Maneromango. Gari limekwama."

Kicheko kikakatika. Daktari alikunja uso kidogo, akasema, "Pole sana. Toka nje uzungumze." Nilikuwa sijafika mlangoni nilipomsikia akiwaambia wenzangu, "Waziri wa afya ametoka nje. Kikao kinaendelea. Ulinzi, tuambie habari za daraja."

Hakuna aliyenifuata. Nilishuka ngazi, nikakodi bodaboda, tukakata kupitia Kiluvya huku mvua ikitupiga usoni. Nilikuwa nimeibana simu chini ya kofia ngumu ya kukodi, namsikiliza shemeji kwa vipande vipande. Wanaume wa kijiji walikuwa wameng'oa mlango wa chumba cha maombi cha zahanati ya kanisa wakamlaza juu yake. Wakaingia majini mpaka kifuani, muuguzi akitembea kando ameinua chupa ya dripu. Ng'ambo ya pili wakasimamisha lori la mkaa. Mdogo wangu alifika hospitali amelazwa juu ya magunia ya mkaa, shemeji na muuguzi wamemfunika kwa turubai.

Nilifika wakiwa wameshamwingiza chumba cha upasuaji. Shemeji alikuwa ametolewa damu ya kumwongezea mkewe, amekaa sakafuni ameegemea ukuta, miguu imejaa tope. Mama yetu alikuwa kwenye benchi amempakata mtoto. Nao walikuja kwenye lori hilohilo, mtoto amefungwa ndani ya khanga kifuani kwa bibi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumshukuru Mungu, amefika."

"Mungu hakumpitisha kwenye tope, mama. Kila masika tunasema ile sehemu itaua mtu. Tumesema toka mimi niko shule."

"Shusha sauti," mama akasema. "Hapa ni hospitali."

Nikashusha. Daktari wa zamu alitoka baadaye, kijana mwenye macho mekundu, akatuambia mgonjwa yuko hai. Ili awe hai walilazimika kutoa kizazi. Angefika mapema kidogo, alisema, labda wangejaribu njia nyingine. Alisema bila kumlaumu mtu, na mimi nilitamani sana amlaumu mtu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi darasani. Sijui kwa nini nilirudi; nadhani nilitaka kuwatazama. Mwenzangu mmoja polisi alinipa mkono akanipa pole, akasema kwa haya kwamba shemeji yake yuko halmashauri ya Kisarawe, ila siku ile hakujua kama inafaa kusema. Nikauachia mkono wake nikaenda kukaa. Daktari alisoma alama za zoezi. Waziri wa afya alikuwa na sifuri.

Nilimfuata mwisho wa kipindi.

"Si mambo ya kuoneana," aliniambia. "Uliacha kikao. Kama mgogoro ungekuwa wa kweli, waziri asingeinuka."

"Mgogoro wa kweli nilikuwa nao mimi, Daktari. Nyinyi mlikuwa mnaigiza."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Alinitazama kwa upole wa mtu anayemvumilia mfiwa. Nikamwambia papo hapo kwamba tasnifu yangu itakuwa juu ya wanawake wanaojifungua nyuma ya barabara zinazokatika, na nitaiandika kama suala la usalama.

"Hiyo ni barabara," akasema. "Mpelekee diwani. Usalama wa kimataifa una mipaka yake, mwalimu. Tukiita kila kitu usalama, neno litakosa maana."

Damu ya mdogo wangu haikuvuka mpaka wowote. Ilishindwa hata kuvuka kijito. Kwa hiyo kwa hesabu zake haikuhesabika. Siwadharau wanaokesha mipakani. Kuna vijana niliowafundisha wako huko, na nikisikia habari mbaya natafuta majina yao. Lakini nataka mtu anieleze kwa nini anayekufa kwa risasi anatafutiwa adui, mkutano unaitishwa, ramani zinatandazwa, na anayekufa kwa tope anaambiwa pole.

Msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa Daktari huyohuyo, nikaomba kubadilishiwa. Walinizungusha wee, hatimaye nikapewa mama mmoja mpole aliyesema tu, "Andika, tutaona." Likizo ya mwezi wa sita nikaenda Maneromango na kinasa sauti. Wanawake walinipokea vizuri. Walizungumza nami mashambani wakipanda mihogo na nje ya kanisa baada ya ibada. Kwa mdogo wangu nilikwenda mwisho, kwa sababu nilijua ndiye kiini cha kazi yote.

Alikuwa kwenye cherehani, mtoto amelala kwenye mkeka pembeni. Nikaweka kinasa sauti juu ya meza, karibu na mkasi. Akakitazama.

"Hicho cha nini?"

"Nataka unisimulie siku ile. Jina lako halitatokea."

"Dada, umekuja kunitazama au umekuja kunisoma?"

"Nataka watu wajue."

"Watu gani? Hao waliokucheka?" Alisimamisha cherehani. "Toka nitoke hospitali hujaniuliza nalala vipi. Unaniuliza gari lilikwama wapi, maji yalifika wapi, nani alisema nini. Mimi si mfano wako. Ondoa hicho kitu kwenye meza yangu."

Nikakiondoa. Nilikasirika, siwezi kusema uongo. Nilitembea mpaka shambani kwa baba nikang'oa magugu ambayo hayakunikosea chochote. Nilijiambia nampigania, na yeye hataki kupiganiwa. Jioni nilirudi, nikamkuta anamnyonyesha mtoto. Nikakaa. Nikamuuliza analala vipi. Akaniambia halali. Tulikaa mpaka giza likaingia, na hakuna neno hata moja la mazungumzo yale lililoingia kwenye tasnifu.

Kabla likizo haijaisha, kiongozi mmoja alikuja kutoka wilayani kuzungumza na wananchi. Ulikuwa wakati wa kiangazi, barabara imekauka, gari lake lilifika safi isipokuwa vumbi. Akatusalimia, akatupongeza kwa kudumisha tunu ya amani. Alisema tutazame nchi za wenzetu, watu wanalala porini, mabomu yanalia, sisi tunalala usingizi. Watu wakapiga makofi. Alipoomba maswali, mdogo wangu akasimama, mtoto mgongoni. Sikujua kama ana mpango huo. Nadhani na yeye hakujua.

"Umesema tunalala usingizi," akasema. "Mimi nililala juu ya mlango, nikavushwa kama maiti, pale kijitoni ulipopita leo na gari lako. Nina mtoto huyu mmoja. Sitapata mwingine. Naomba uniambie hiyo amani yangu iko upande gani wa maji."

Kiongozi akasema, "Mama, pole sana. Hiyo changamoto tumeipokea."

"Si changamoto," mdogo wangu akasema. "Ni kizazi changu."

Baba yetu, ambaye huwa haongei mikutanoni, alivua kofia akaiweka magotini. Kiongozi akatafuta mkono mwingine ulionyooshwa, akaupata, likaja swali la pembejeo.

Nilimaliza tasnifu. Daktari alikuwa mmoja wa waliokaa kunihoji. Aliniuliza swali moja, kama bado naamini huu ni usalama, nikamjibu ndiyo, akaandika kitu, wakanipitisha kwa masahihisho. Nilitegemea nitafurahi. Nilitoka pale nimekunja ngumi.

Ule mkutano walau ulileta kitu. Lori lilishusha makaravati mawili ya zege, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, kando ya kijito, yakalazwa kwenye majani, fundi hakuja. Wiki mbili tatu zilizopita, mvua za vuli zilipoanza kunukia, wanaume wa usharika na wa msikitini walikubaliana kuyavingirisha na kuyazika wenyewe. Walishachimba nusu ya mtaro mtendaji wa kijiji alipokuja kuwazuia. Aliwaambia hawana kibali, na kwamba ile ni mali ya serikali.

Mdogo wangu alinipigia simu kunisimulia, sauti imekaza. Nikaanza kulalamika, nikataja sheria, nikataja haki, akanikatiza.

"Jumapili tunakwenda tena, dada. Safari hii tunatangulia sisi wanawake. Aje atuzuie."

"Nakuja," nikamwambia.

"Njoo na jembe," akasema, akakata simu.