Ndoa ya Wenzetu Kiwandani

Mwaka ule sote tulichoshwa na ndoa isiyokuwa yetu. Katika kiwanda cha nguo pale Kalemie, nilifuma kando ya mama mwenzangu mmoja ambaye mume wake ndiye aliyekuwa fundi wa mashine zetu. Walipofikishana tribinali, mbele ya hakimu, kuomba talaka, waliacha kusemezana hata kazini. Mashine ya mama ikikwama, hakumwita bwana. Alinitazama mimi, nami niache kazi yangu nikamwite. Bwana alikuja, akatengeneza, kisha maelezo akanipa mimi, na mkewe amesimama hapo hapo.

Siku za kesi zilikuwa mbaya zaidi. Wote wawili walikwenda, mashine zilizoharibika zikalala, na shefu, mkubwa wetu wa kazi, akatugombeza sisi tuliobaki kana kwamba ni sisi tuliooana. Wengine walikuwa upande wa bwana, wengine wa mama, hata chakula cha mchana tukawa tunakila kwa makundi. Niliwakasirikia wote.

Mama aliogopa jambo moja tu. Ndugu za bwana walishasema wazi kwamba watoto ni wa ukoo wa baba, na watawapeleka kijijini Pepa kwa babu yao. Lakini hakimu alimwachia mama watoto, kwa sababu ana kazi na anaweza kuwalisha. Alirudi kiwandani siku hiyo hiyo, akafuma mpaka jioni huku akitabasamu peke yake.

Kesho yake shefu alimwita biro, ofisini kwake. Alimwambia amechoka na vita vya nyumba za watu, mmoja lazima aondoke, na fundi hapatikani ovyo. Akaondoka mama.

Nilidhani atalia. Aliningoja nje, akasema polepole: "Mama, kesho unipitie, tuje wote mpaka ku mulango ya kiwanda. Bandugu ya bwana wasijue kama sina tena kazi. Watabeba batoto."

Basi kila asubuhi tulitembea naye, amevaa bluzi ya kazi, bakuli la chakula mkononi. Sisi tuliingia, yeye alizunguka nyuma ya ukuta, akashuka ziwani kutafuta ndagala, visamaki vya kuuza sokoni. Ilichosha hata kumtazama.

Mtu mmoja angeweza kumwangusha kwa neno moja, naye ni fundi, aliyemwona kila siku akigeuka pale mlangoni. Asubuhi moja nduguye alimfuata mpaka pale, akamwuliza kama yule mwanamke angali anafuma. Nilisimama nisikie. Bwana hakunitazama.

"Ndjo kazi yake," alisema. "Anafuma." Akaingia ndani.