Soon ya Baba Mdogo

Pikipiki ya baba mdogo ilianza kukohoa tangu darajani, ikanyamaza penye kona, halafu ikanguruma tena. Mpaka leo nikisikia pikipiki ikipanda mlima, moyo unanipiga vilevile. Jumapili ile niliacha kumkatia ng'ombe mgomba, nikakimbia njiani.

"Shikamoo baba mdogo. Umeshamwambia?"

"Marahaba, mwanangu. Soon," akasema, akijipangusa vumbi. "Soon, soon."

Kwetu Kilema msichana hamwendei baba yake na ombi kubwa. Humpitishia mdogo wake baba, naye hulifikisha mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishawachangamsha wote wawili. Ombi langu lilikuwa moja: darasa la kushona kwa masista. Nilikuwa nimemaliza la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na kazi yangu ikawa kumbebea majani ng'ombe asiyetoka zizini mwaka mzima. Tulibaki kutazamana, mimi na yeye, na sikujua nani amefungiwa zaidi. Lakini kichwani nilishawashonea magauni wanawake wa kijiji kizima, la mke wa katekista nikaliwekea na lesi.

Baba mdogo alifanya kazi mjini, kwenye mashine za kukoboa kahawa, na neno lile alilitoa huko. Mvua itanyesha lini? Soon. Na harusi yake mwenyewe? Soon.

"Shemeji, mbege yangu itachacha hiyo soon yako haijafika," mama alimwambia, naye akacheka mpaka povu likamwagikia shati.

Jioni nilipeleka maziwa kwa masista. Nikamuuliza sista mzee, aliyekuwa akifundisha Kiingereza, neno lile maana yake nini hasa.

"Karibuni. Bado kidogo," akasema. "Lakini zamani sana, kwa Waingereza wenyewe, lilikuwa sasa hivi, papo hapo. Watu wakawa wanaahidi papo hapo, halafu hawaonekani. Basi neno likasogea, likasogea, mpaka likafika lilipo."

"Kumbe watu ndio waliliharibu."

"Watu wazuri tu, mwanangu. Wale wasiopenda kukukatalia." Akapokea maziwa. "Darasa tunafungua kesho. Cherehani moja bado haina mtu."

Nilipofika nyumbani, pikipiki ilikuwa imeshashuka mjini. Nikamtazama mama. Akatikisa kichwa: baba mdogo hakumwambia baba chochote. Baba alikuwa ametoka kidogo kwa jirani.

Nilimpenda baba mdogo, na nilijua angeniambia soon hadi siku ya kuolewa kwangu.

Mpakani mwa shamba letu palikuwa na masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ni ya heshima. Mtu akikuletea jani la sale, huwezi kumfukuza kabla hujamsikiliza. Wazee hulibeba wakienda kuomba msamaha. Sikuwahi kusikia msichana amempelekea baba yake. Nikachuma moja, nikalifunga fundo kama nilivyowaona wakifanya, nikaliweka juu ya kigoda cha baba, nikaketi chini kando yake kumsubiri.